Mtoto Baada ya Wageni Kuondoka: Noeli na Mashirika Yanayosaidia Watoto wa Mitaani



Kila yanapoanza Majilio, matangazo ya mwisho wa Misa huwa marefu. WAWATA wanakusanya nguo, VIWAWA wanachangisha mchele na mafuta ya kula, watoto wa Utoto Mtakatifu wanaleta sabuni na madaftari, nasi huku seminarini tunapanga siku ya kwenda kuwatembelea watoto wanaoishi katika mazingira magumu mjini. Haya ni matunda ya imani, na tunamshukuru Mungu kwa kila anayetoa. Hata hivyo lipo swali linalotusumbua wengi, walei kwa mafrateri: mbona watoto waliokula pilau yetu tarehe 25 Desemba tunawakuta kwenye mataa ya barabarani mwezi Februari, wakiwa vilevile au wakiwa wamedhoofika zaidi?

Katika makala hii tunataka kueleza jinsi mashirika yanayosaidia watoto wa mitaani yanavyofanya kazi, mahali ambapo sadaka zetu za Noeli hufika, na mahali ambapo hazifiki. Hoja yetu ni moja: zawadi inayomwokoa mtoto ni ile inayobaki naye baada ya wageni kuondoka.

Hatari ilianza wageni walipokwisha kwenda

Tukisoma vizuri sura ya pili ya Injili ya Mathayo, tunaona jambo ambalo mapambo ya pango la Noeli hulificha. Mamajusi wanafika, wanamsujudia Mtoto, wanatoa dhahabu, uvumba na manemane, kisha wanarudi kwao kwa njia nyingine. Hapo ndipo taabu inapoanza. Usiku uleule wa habari mbaya, Yosefu anaamka, anamchukua Mtoto na Mama yake, na safari ya kwenda Misri inaanza. Herode anatuma askari Betlehemu. Familia Takatifu inakuwa familia ya wakimbizi, na mkombozi wa ulimwengu anakuwa mtoto asiye na mahali salama pa kulala.

Injili haisemi zawadi zile zilitumikaje. Lakini walimu wengi wa kiroho wamewaza kwamba dhahabu ilisaidia safari na maisha ya ugenini. Wazo hilo lina hekima yake: zawadi iliyotolewa siku ya furaha iliweza kubebwa hadi siku ya hatari.

Kanisa nalo halituachi tubaki horini. Siku tatu tu baada ya Noeli, tarehe 28 Desemba, tunaadhimisha sikukuu ya Watoto Mashahidi. Liturujia inatuambia mapema kabisa kwamba anayefurahia Mtoto aliyezaliwa hana budi kuwakumbuka watoto wanaotishiwa uhai.

Watoto hawa wanatoka wapi?

Ni rahisi kudhani kwamba kila mtoto anayelala stendi ni yatima. Sivyo. Wengi wana mzazi aliye hai, au bibi, shangazi au mjomba. Waliondoka nyumbani kwa sababu zinazofahamika: kipigo, ulevi wa mzazi, kutengana kwa baba na mama, mateso kutoka kwa mlezi, njaa, kukosa mahitaji ya shule, au kudanganywa kwamba mjini kuna kazi. Wengine wanarudi nyumbani jioni. Wanashinda barabarani kwa kuwa familia inategemea wanachookota au wanachouza. Wengine ni wasichana walioletwa mjini kufanya kazi za ndani, wakateswa, wakakimbia.

Kwa sababu hiyo Kamati ya Umoja wa Mataifa ya Haki za Mtoto, katika mwongozo wake wa mwaka 2017 kuhusu watoto hawa, inasisitiza kwamba kila mtoto asikilizwe kama mtu mwenye historia yake, na inapinga misako ya kuwakamata na kuwafagia mitaani kana kwamba ni takataka. Kwetu Tanzania, Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamtambua kila aliye chini ya miaka 18 kuwa mtoto, na inamlinda hata kama hana viatu wala cheti cha kuzaliwa.

Maana yake ni nini kwa anayetoa sadaka? Ni kwamba njaa tunayoiona ni tawi tu. Mzizi uko nyumbani alikotoka. Sahani ya chakula inatuliza njaa ya leo, na ni tendo jema. Lakini haijibu swali la kwa nini mtoto wa miaka 11 anaogopa nyumbani kuliko anavyoogopa giza la sokoni.

Kazi yenyewe inavyofanyika

Mashirika yaliyozoea kazi hii hupitia hatua zinazofanana, japo kila moja lina namna yake.

Hatua ya kwanza ni kumfikia mtoto alipo. Wafanyakazi hutembea usiku stendi, sokoni na kwenye mabaraza ya maduka. Hawaanzi na mahubiri. Wanasalimia, wanacheza mpira, wanafunga kidonda. Siku za mwanzo za mtoto mjini zina uzito mkubwa, kwa maana kadiri anavyokaa ndivyo anavyozoea gundi, kamari na ulinzi wa wakubwa wanaomtumia.

Hatua ya pili ni mahali pa muda pa kupumzikia: maji ya kuoga, chakula, kitanda, matibabu, na mtu mzima asiyempigia kelele.

Hatua ya tatu ni mazungumzo. Mara nyingi mtoto hutaja jina lisilo lake na kijiji kisicho chake, kwa sababu hajui kama unataka kumsaidia au kumpeleka polisi. Ukweli huja taratibu. Ukishapatikana, mfanyakazi pamoja na Afisa Ustawi wa Jamii wanaitafuta familia, wakati mwingine mkoa mwingine kabisa.

Hatua ya nne ni kurudi nyumbani, ikiwa nyumbani ni salama. Ikiwa kipigo kingali kinamngoja, hutafutwa ndugu mwingine, au familia ya kuaminika iliyoidhinishwa na Ustawi wa Jamii. Makao ya watoto yanapaswa kuwa njia ya mwisho, na ya muda.

Hatua ya tano ni ufuatiliaji. Mtoto amerudi, sasa nani atapita mwezi ujao kuona kama analala ndani? Nani atazungumza na baba? Nani atamsaidia mama apate mtaji mdogo wa genge au aingie VICOBA? Nani atanunua sare Januari shule zinapofunguliwa? Elimu ya shule za serikali hadi kidato cha nne hutolewa bila ada tangu mwaka 2016, lakini sare, viatu, madaftari na nauli bado vinasubiri mfuko wa mzazi. Mtoto aliyekosa masomo miaka miwili, akaingia darasani bila sare, akachekwa, anaijua tayari njia ya kwenda stendi.

Sasa tutazame sadaka zetu. Nyingi huishia hatua ya pili: chakula, nguo, sabuni, magodoro. Hatua ya kwanza na ya tano hupata kidogo sana, kwa sababu hazina picha nzuri ya kuweka kwenye simu. Ni nauli za basi, vocha, na mshahara wa kijana anayetembea usiku. Mara ngapi tumesikia mtu akisema, “Nitatoa mchele, lakini fedha ya mishahara sitoi”? Anasema hivyo kwa nia njema, akiogopa fedha kuliwa. Lakini katika kazi hii mfanyakazi mwaminifu ndiye dawa yenyewe. Mchele haumfuati mtoto kijijini.

Mfano wa Mtakatifu Yohane Bosco

Tarehe 8 Desemba 1841, sikukuu ya Bikira Maria, katika sakristia ya kanisa la Mtakatifu Fransisko wa Asizi mjini Torino, padre kijana Yohane Bosco alikuwa anajiandaa kuadhimisha Misa. Kijana mmoja fundi mwashi, Bartolomeo Garelli, yatima aliyetoka kijijini kuja kutafuta riziki, aliingia humo. Msakristani alipoona hawezi kutumikia Misa, akamfukuza kwa fimbo. Don Bosco akaagiza aitwe tena.

Alichompa siku ile hakikuwa chakula wala nguo. Alimwuliza maswali: jina lake, anakotoka, wazazi wake, kama anajua kusoma. Kisha akaanza kumfundisha Ishara ya Msalaba, wakasali Salamu Maria, wakaagana kwa ahadi ya kuonana tena. Garelli alirudi Jumapili iliyofuata pamoja na wenzake.

Kilichofanya Majilio yale yakumbukwe ni miaka iliyofuata. Mwaka 1846 Don Bosco alipata mahali pa kudumu Valdocco. Mwanzoni mwa miaka ya 1850 alikuwa akiandikiana mikataba na mafundi wa mjini waliowapokea vijana wake kujifunza kazi, ili mwajiri asiwapige wala kuwatumikisha kwa kazi zisizo za fundi. Ni hati kavu, haina wimbo wala mshumaa, lakini ilimlinda kijana siku za Jumatatu hadi Jumamosi. Leo wanawe Wasalesiani wana vyuo vya ufundi hata kwetu, Dodoma na Iringa, kwa roho ileile.

Ndugu mafrateri, tuitazame sakristia ile kwa makini. Walikuwamo watu wawili wa Kanisa. Mmoja aliona usumbufu, mwingine aliona jina lisilojulikana bado.

Mbegu zilizopandwa karibu nasi

Afrika Mashariki imekuwa na watu walioelewa jambo hili mapema. Mjini Nairobi, mwaka 1973, Padre Arnold Grol, Mholanzi wa Shirika la Wamisionari wa Afrika, alianzisha Undugu Society kwa ajili ya vijana waliokuwa wakirandaranda mjini. Jina lenyewe ni katekesi: mtoto wa jalalani ni ndugu. Dar es Salaam, mwaka 1992, Sista Jean Pruitt wa Masista wa Maryknoll alikuwa nyuma ya kuanzishwa kwa Dogodogo Centre kwa ajili ya watoto wa mitaani wa jiji hilo.

Wapo pia wasio wa Kanisa letu. Shirika la Railway Children lilianzishwa Uingereza mwaka 1995 na David Maidment, mtumishi wa reli aliyeguswa na binti mdogo aliyemkuta akiomba katika stesheni ya treni huko India. Leo shirika hilo linafanya kazi hata Tanzania, likiwamo jiji la Mwanza, na msisitizo wake ni kumfikia mtoto mapema kabla mtaa haujammeza. Tusione haya kushirikiana na kila mwenye nia njema. Papa Benedikto wa XVI, katika waraka wake Deus Caritas Est wa mwaka 2005, alifundisha kwamba upendo wa Kikristo hutolewa bure na hautumiki kama chambo cha kuwavuta watu dini.

Na tusiwasahau watoto wenyewe kama watoaji. Utoto Mtakatifu ulianzishwa mwaka 1843 na Askofu Charles de Forbin-Janson wa Nancy, Ufaransa, kwa wazo kwamba watoto wanaweza kuwasaidia watoto wenzao kwa sala na sadaka ndogo. Mtoto wa kigango anayeleta shilingi mia moja kwa ajili ya daftari la mwenzake anajifunza kwamba yule wa mitaani ni rika lake.

Je, mtoto anayeomba kwenye mataa nisimpe?

Swali hili huulizwa kila mara, na jibu lake linahitaji utulivu. Mwaka 2017, katika mahojiano na gazeti moja la watu wasio na makazi la mjini Milano, Papa Fransisko alieleza kwamba kumpa mhitaji ni sahihi siku zote, na kwamba namna tunavyotoa ina uzito wake: kumtazama machoni, kumgusa mkono. Hatuna ruhusa ya kupandisha kioo cha gari na kutazama upande mwingine.

Lakini mbele ya mtoto, upendo unatudai zaidi ya sarafu. Baadhi ya watoto wametumwa na watu wazima wanaohesabu mapato jioni. Wengine wanabaki barabarani kwa sababu Desemba barabara inalipa kuliko nyumbani. Hivyo tunashauri hivi: msalimie, mwulize jina, mpe chakula ukiweza, usimtukane kamwe, wala usimwite kwa majina ya dharau. Kisha peleka fedha yako, na habari zake, kwa wanaoweza kutembea naye hadi mwisho. Ukiona mtoto anateswa au anatumikishwa, piga simu namba 116, huduma ya bure ya simu kwa mtoto, au fika kwa Afisa Ustawi wa Jamii, au Dawati la Jinsia na Watoto katika kituo cha polisi.

Kulichagua shirika

Fedha ya sadaka ni jasho la watu. Mjane aliyetoa shilingi mia tano ana haki ya kujua imekwenda wapi. Kabla ya parokia au jumuiya kuamua kusaidia kituo fulani, tunapendekeza kamati ya Caritas iulize mambo haya:

1. Kituo kimesajiliwa? Kikiwa ni makao ya watoto, kina leseni ya Kamishna wa Ustawi wa Jamii?

2. Watoto hukaa muda gani, na wangapi wameunganishwa na familia mwaka uliopita? Kituo kinachojivunia tu kuwa na watoto wengi, na hakina habari ya hata mmoja aliyerudi kwao, kiulizwe zaidi.

3. Nani huwafuatilia waliorudi, na kwa muda gani?

4. Upo utaratibu ulioandikwa wa kuwalinda watoto? Wafanyakazi na wageni huchunguzwa? Mtoto akidhulumiwa, anamwambia nani?

5. Hesabu za fedha hutolewa kwa nani, na lini?

6. Wanahitaji nini hasa mwezi huu, na nini mwezi Machi?

Swali la pili lina sababu yake. Duniani kote, watoto wengi wanaolelewa katika makao wana angalau mzazi mmoja aliye hai. Ndiyo maana Desemba 2019 Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa lilipitisha azimio linalohimiza watoto walelewe katika familia, na kuonya juu ya makao yanayostawi kwa kuvutia wageni na wafadhili. Misaada yetu ikiingia bila maswali, inaweza kumfanya mtoto awe sababu ya kituo kuwapo, badala ya kituo kuwapo kwa ajili ya mtoto.

Kwa wenzetu watakaokuwa mapadre, Sheria za Kanisa ziko wazi. Kanuni ya 1267, aya ya 3, inaagiza kwamba sadaka zilizotolewa na waamini kwa lengo fulani zitumike kwa lengo hilo tu. Kanuni ya 1287, aya ya 2, inawataka wasimamizi watoe hesabu kwa waamini kuhusu mali waliyoitoa. Mchango wa watoto wa mitaani haugeuzwi kuwa mabati ya nyumba ya paroko, hata kama bati linavuja.

Ziara ya Noeli iliyo njema

Hatusemi ziara zikome. Mtoto naye anastahili kuimbiwa na kula sikukuu. Tunasema zifanywe kwa heshima. Tupige simu kwanza, tuulize siku ipi haina wageni, maana tarehe 25 huweza kuwa na makundi matano na tarehe 10 Januari hakuna hata moja. Tusiwapange watoto mstari wapokee sabuni wakipigwa picha. Sura ya mtoto si risiti ya sadaka yetu. Tusimwulize mbele ya watu wazazi wake walikufaje. Asibaki mgeni yeyote peke yake na mtoto chumbani, awe frateri, awe mfadhili. Na tusiahidi kurudi kama hatutarudi, kwa sababu watoto hawa wameshavunjiwa ahadi nyingi mno.

Kinachowezekana katika jumuiya moja

Chukua Jumuiya Ndogo Ndogo yenye kaya 20. Kila kaya ikitoa shilingi 10,000 mara moja wakati wa Noeli, zinapatikana 200,000. Kaya zilezile zikitoa shilingi 1,000 kila mwezi, mwisho wa mwaka ni 240,000. Jumuiya kumi za parokia zikifanya hivyo ni 2,400,000. Tofauti kubwa haiko kwenye jumla. Iko kwenye uhakika: kituo kinachojua kwamba kila mwezi kitapata shilingi 200,000 kinaweza kumpangia mfanyakazi safari za kijijini. Kinachopokea magunia ya mchele Desemba na ukimya hadi Pasaka hakiwezi.

Basi tunapendekeza parokia igawe mchango wake wa Noeli mara tatu. Sehemu ya kwanza iwe ya sikukuu yenyewe. Sehemu ya pili itunzwe kwa ajili ya sare, viatu na madaftari ya Januari. Sehemu ya tatu iwe mwanzo wa ahadi ya kila mwezi kwa ajili ya ufuatiliaji, na habari zake zisomwe kanisani kila baada ya miezi mitatu. Tusisahau pia walio jirani: ikiwa katika jumuiya yetu yuko mama anayelemewa na watoto watano, kumsaidia leo ni kuzuia safari ya kwenda stendi kesho. Kazi hiyo haihitaji shirika. Inahitaji jirani anayebisha hodi.

Mamajusi walikwenda zao, lakini Yosefu alibaki, na uhai wa Mtoto ukawa mikononi mwake. Kanisa linahitaji wote wawili: anayeleta zawadi, na anayeamka usiku. Mwaka huu, tunapopiga magoti pangoni, tuombe neema ya kuwa hao wa pili.

Tunawatakia nyote Noeli njema na mwaka mpya wenye baraka. Watoto Mashahidi wa Betlehemu, mtuombee. Mtakatifu Yosefu, mlinzi wa Mkombozi, utuombee.